Noti, Kodi, Baa

Zamoyoni, binti wa mpangaji wa chumba cha pili,
yuko kidato cha tatu, ndiye mwalimu wangu wa Kiingereza.
Ada yake ni chipsi kavu kila Ijumaa
na nisimwambie mama yake habari za simu.

Ameniandikia maneno arobaini
nyuma ya kalenda ya duka la saruji.
Mtihani wa kuingia chuo ni tarehe kumi na nne.
Mimi nina miaka ishirini na tisa
na mdomo uliokwisha kupasuka mara mbili kwa tarumbeta.

"Noti," anasema, "siyo hela."
Namwambia kwangu ni hela.
Nikipuliza vizuri, mama wa bwana harusi hunitunza elfu mbili,
anaibandika kwenye paji la uso,
jasho linaishika, naendelea kupuliza.
"Andika: sauti moja."
Naandika sauti moja.

"Baa siyo baa."
Ni kijumba kati ya mistari miwili,
mapigo manne yanaishi humo, yakitimia unafunga mlango.
Kama hapa kwetu, nasema. Hacheki.

"Kodi."
Hapo nikanyamaza.
Eti ni sauti tatu zinazolia kwa pamoja.
Mama mwenye nyumba anataka miezi sita kwa pamoja,
naye hulia peke yake, alfajiri, dirishani kwangu,
juu kuliko klarineti ya Chande.

Shapu siyo wembe. Flati siyo ghorofa.
Skeli nilidhani naijua: nikaona soko la Temeke Sterio,
nyanya, na lile jiwe la kilo lililochimbwa tumboni.
"Ngazi," anasema, "ngazi ya sauti, unapanda mpaka ya nane."
Nimeipanda ngazi hiyo tangu nina miaka kumi na moja.
Hakuna aliyeniambia ina jina.

Lililonishinda ni lile la mapigo.
Herufi sita, irabu hata moja haimo.
Nimelitazama kama samaki wa miba mitupu.
Mtu anavutia wapi pumzi humo?
Sisi kila silabi yetu ina dirisha.
Zamoyoni kasema, "Kariri tu, usilionee huruma."

Tulipofika neno la thelathini na moja umeme ukakatika.
Luku ilikuwa zamu yangu.
Hatukuwasha tochi. Yeye akitaja neno,
mimi namjibu kwa kile kidomo cha tarumbeta, bila tarumbeta,
kinalia kama bata aliyekanyagwa,
lakini kinapanda panapopandwa, kinakaza panapokazwa.
Gizani nilipata yote.
"Sasa mtihani," akasema, "ni wa kuandika."

Swali la kumi na saba: eleza maana ya *resti*.

Feni inazunguka upande mmoja tu wa ukumbi.
Nikaikumbuka Jumamosi ya Yombo,
sisi saba juu ya pikapu,
bibi harusi anashuka garini, kisigino kimenasa kwenye pindo,
na Chande akainua kidole.
Tukakata.
Hata yule mtoto wa kigoma aliacha mikono hewani.
Moja. Mbili. Mashangazi wameshika vinywa na vigelegele vyao.
Tatu. Mguu ukachomoka.
Ya nne tuliipiga mpaka mabati ya jirani yakaitika.

Yote hayo kwa Kiingereza, na nimeachiwa mstari mmoja.
Nikaandika, kufuta, kuandika:
siyo kulala, ni kuhesabu bila kupiga.
Neno la kuhesabu nadhani nimelikosea.
Nikabaki nikilitazama,
mpaka msimamizi akaja, akaniinamia sikioni:

"Kaka, mguu."